Kulitii Neno kwenye biashara: mimi nilianzia kwenye ujira wa wamama wa kuanika dagaa

Bwana asifiwe, mleta mada. Umeuliza Mkristo mwenye duka hapo Kasulu aanzie wapi kulitii Neno, maana kila Jumapili unasikia mahubiri, yanakuchoma, na Jumatatu mambo yako palepale. Halafu chini kabisa umegusia kwamba kijana anayekusaidia dukani anakudai mshahara wa miezi miwili. Wengi hapa wamekushauri ufunge na kuomba. Sawa, funga. Ila mimi ningeanza na huyo kijana, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu hapo ulipo nimewahi kusimama.

Mimi ni mama, nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma mjini, mwaka wa 15 sasa. Kwa asiyeijua kazi hii: wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mitumbwi inarudi mwaloni. Ni kazi ya siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, basi watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Kwa hiyo zile siku za giza ni za kugombania kwelikweli. Mtumbwi ukigusa mchanga, mwenye pesa mkononi ndiye anayeondoka na beseni. Ukishanunua, unawakabidhi wamama wa kuanika. Wanatandaza, wanageuza juani, wanafukuza ndege, wanachambua, mawingu yakitanda wanakimbia kuanua. Mimi nilikuwa nao wanne, kila mmoja shilingi 5,000 kwa siku.

Niliwalipa lini? Nikishauza mzigo. Wakati mwingine giza zima linapita, mzigo uko njiani kwenda Dar, na mimi nawaambia "vumilieni kidogo, pesa haijaingia." Kumbe pesa ilikuwapo. Ilikuwa kwenye kopo chini ya kitanda, na alfajiri naichukua kununulia beseni jingine. Kwa siku sita hiyo ni 120,000 ya wamama wanne inayozunguka kama mtaji wangu. Benki ingenitoza riba. Wao walinikopesha bure, bila kuombwa, na hakuna mfanyabiashara mwaloni aliyeniona mbaya, maana wengi wetu tulifanya hivyohivyo.

Siku moja kwenye kikundi chetu cha wamama, zamu ya kusoma ikanifikia mimi. Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 14 na 15. Mungu anasema kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni, umpe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, maana ni maskini na moyo wake ameuweka kwenye ujira huo. Asije akamlilia Bwana juu yako. Nilisoma kwa sauti, nikafika mwisho, nikakaa. Mwenzangu akaanza kufafanua kwamba zamani Waisraeli walikuwa na vibarua wa mashamba. Sikumsikia. Nilikuwa nahesabu lile kopo.

Tena nikakumbuka jambo lililonitia aibu kuliko lote. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimetoa zaka. Niliitoa kwenye kopo lilelile.

Kikundi kilipofunga sala jua lilikuwa linaelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nikapanda bodaboda nikaenda Gungu, wanakokaa wawili kati yao. Yule wa kwanza nilimkuta mlangoni na mtoto mgongoni, mtoto ana homa tangu jana yake. Ni Mwislamu, mtu wa asili ya Ujiji, mkubwa kwangu kwa umri, namwita dada. Nikampa pesa yake yote ya siku sita, nikamwambia, "Dada, naomba unisamehe, hii nilikuwa nayo." Akaihesabu polepole, akafunga kwenye ncha ya kanga, akasema, "Leo umekuja mwenyewe." Basi. Akaingia ndani kuchukua kandambili, akaenda duka la dawa. Mimi nikabaki pale uani na yale maneno. Miaka yote nilimfanya yeye ndiye anifuate kudai.

Sasa sikiliza vizuri ndugu yangu, maana hapa wahubiri wengine wanadanganya watu. Alfajiri ya kesho yake niliingia mwaloni na pesa ya beseni moja, wenzangu wanabeba matatu. Mwezi ule tulikula kwa shida. Baba watoto aliniuliza kama nimeamua kufunga biashara. Pesa haikurudi mara saba, na hakuna mteja wa miujiza aliyetokea. Ilibidi nijifunze upya hesabu: ujira natenga kwanza, ndipo najua naweza kununua beseni ngapi. Biashara ikapungua, ikakaa hivyo karibu mwaka. Nililala usingizi, hilo naweza kulishuhudia.

Na jambo moja likishatiiwa, la pili linajitokeza lenyewe. Dagaa tulikuwa tunaanika chini, mchanga unashika, na mchanga una uzito. Kwenye gunia la kupimwa kwa kilo unajua mwenyewe maana yake. Mambo ya Walawi 19 inataka mizani ya haki. Nikahamia kuanika juu ya chanja za nyavu, ila nikachelewa kuanza kwa sababu mbao na nyavu ni gharama. Yule mteja wangu wa Tabora, niliyempelekea magunia yenye mchanga mara nyingi, nilimpigia simu nikamweleza, nikamtumia gunia moja safi bila malipo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi gunia moja ndilo nililoliweza. Alilipokea, akashukuru, na tangu hapo ananunua kwa mtu mwingine. Iliniuma, lakini ana haki.

Sitakaa sana kwenye habari ya ziwa kufungwa mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wapo walioniletea dagaa wa wizi usiku. Nilikataa, nikauza mawese kutoka Mwandiga, watoto walikula maharage miezi mitatu. Ilipita.

Watu wa Biblia wanapenda kukutajia Mathayo 7, nyumba ya juu ya mwamba na ya juu ya mchanga. Sisi wa Kibirizi tuliiona kwa macho maji ya Tanganyika yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 yakaingia kwenye nyumba za ufukweni. Lakini angalia Yesu anasemaje pale: wajenzi wote wawili waliyasikia maneno yake. Mmoja akayafanya. Mimi nilikuwa msikiaji mzuri sana, nimeimba kwaya miaka mingi. Na katika Luka 3 watu walipomuuliza Yohana Mbatizaji "tufanye nini?", aliwajibu mambo ya mikono: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe, askari aridhike na mshahara wake. Kila mtu alijibiwa kulingana na kazi yake.

Kwa hiyo wewe mwenye duka, kazi yako umeitaja mwenyewe ndani ya swali lako. Yesu alisema ukiwa na sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda kwanza ukapatane naye. Umeshakumbuka, mpaka umeandika. Leo ni Alhamisi. Mwite huyo kijana kabla hujafunga duka, mwambie ni kiasi gani anakudai kwa hesabu yako, usimwache yeye ataje. Kama huna yote, mpe ulichonacho na mtajie siku ya kilichobaki. Siku hiyo ikifika, mpelekee wewe, asikufuate.