Si lazima uende nje kusomea ubingwa wa saratani
Ndugu, umeuliza kama ukishamaliza MD (shahada ya kwanza ya udaktari) ubingwa wa saratani unapatikana hapa Tanzania au hadi nje. Upo hapa hapa. Maliza MD miaka mitano, intern (mafunzo kazini hospitalini) mwaka mmoja, upate usajili wa Baraza la Madaktari, kisha omba MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) ya onkolojia, yaani tiba ya saratani, pale MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vitendo vingi utavifanyia Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, na hapo ndipo utamu wa kozi ulipo, maana wagonjwa ni wengi na wa kila aina.

Angalia jambo moja ambalo wengi huwachanganya. Kwa mfumo wetu, uliotokana na Waingereza, bingwa mmoja anapanga mionzi na pia anatoa dawa za saratani. Marekani hao ni watu wawili tofauti, na wa dawa hupitia kwanza ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kama roho yako iko kwenye kukata uvimbe, usiombe hii. Pitia upasuaji kwanza, halafu ubobezi wa upasuaji wa saratani. Saratani za watoto vilevile, anza na ubingwa wa watoto.

Fizikia ya mionzi ianze kuisoma sasa.