Walipotuambia Tumuue Bibi

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, siku ya Alhamisi, nikiwa napakua ubwabwa: "Dada, uongozi umekaa. Wanaona bibi anaivuta hadithi nyuma. Mnaweza kumtoa kabla ya sehemu ya ishirini na sita?"

Kumtoa, kwa lugha ya watu wa vipindi, ni kumuua. Na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba yote. Tamthilia yetu ya televisheni, niliyokuwa nikiiandika mimi, ilihusu familia moja ya Tanga: bibi muuza vitumbua, mwanawe dereva wa lori, mkwewe fundi cherehani, na wajukuu watatu waliokuwa wakigombania kitanda cha juu. Hakuna aliyelogwa, hakuna aliyebadilishiwa mtoto hospitalini. Kesi kubwa kuliko zote msimu mzima ilikuwa deni la vikoba. Ilirushwa Jumapili saa moja jioni, na nilikuwa napokea jumbe za sauti kutoka kwa akina mama nisiowajua kabisa, wakinieleza kwamba siku hiyo baba watoto anawahi kurudi.

Sitakitaja kituo cha televisheni kilichoirusha, wala jina la tamthilia. Waliokuwamo wanajijua. Naandika kwa sababu mwezi huu waandishi wawili wachanga wamenipigia simu na swali lilelile: kituo kimeanza kutuma maoni, tufanyeje? Haya ndiyo majibu yangu kwao, na mengi yametokana na nilivyokosea.

Maoni hayaanzi na bibi. Yanaanza na vitu vidogo: muziki uchangamke, mjukuu mkubwa apunguze madera, jiko liwe na mwanga. Unakubali, tena kwa furaha, maana mengine yana akili. Wiki ya sita wanataka binti apate mpenzi mwenye gari. Wiki ya tisa wanauliza, hivi yule dereva, safari zote hizo za Tunduma na kurudi, hana hata mchepuko mmoja? Nikacheka. Kisha nikamwandikia mchepuko, Morogoro, mwenye saluni. Nilijiambia ni sehemu mbili tu.

Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Kila ombi nililijibu peke yake, kama mtu anayechomoa sarafu moja moja kwenye kibubu bila kuhesabu zilizobaki. Sikuwahi kuyapanga yote mezani nikayaangalia pamoja. Ningefanya hivyo, ningeona yote yanaelekea upande mmoja, na ningeuliza swali ambalo leo namwambia kila mwandishi aulize mapema kabisa: mnamtaka mtazamaji gani?

Aliyenifundisha swali hilo ni shangazi yangu, ambaye hajawahi kuandika hata tangazo la msiba. Miaka ya tisini alikuwa Maryland, Marekani, akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kila Jumamosi saa mbili usiku yeye na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimhudumia walikaa mbele ya televisheni kutazama tamthilia ya Dr. Quinn, Medicine Woman kwenye CBS, mojawapo ya vituo vikubwa vya televisheni vya huko. Miaka baadaye alirudi nyumbani na maboksi ya DVD za tamthilia hiyo, yamefungwa katikati ya taulo na makopo ya vitamini. Alipoona yangu imeanza kuchechemea akaniita Magomeni. "Hiki kitu nimeshakiona," akasema. "Kaa hapa."

Kwa asiyeijua: ilianza tarehe 1 Januari 1993. Aliyeibuni ni Beth Sullivan, na mhusika mkuu, Daktari Michaela Quinn, aliigizwa na Jane Seymour. Daktari huyo anatoka Boston kwenda mji mdogo wa Colorado Springs, miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mji ulikuwa unatafuta daktari. Mtu wa simu za maandishi alipoona jina la kike akadhani limekosewa, akaandika Michael A. Quinn. Siku ya siku anashuka mwanamke na begi lake. Haupiti muda, mama mmoja wa pale anagongwa na nyoka, anakufa, anamwachia daktari watoto wake watatu. Hapo ndipo nyumba inapoanzia. Yumo pia Sully, rafiki wa Wacheyenne, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ambaye shangazi hadi leo hulitamka jina lake kwa namna inayomfanya mjomba atoke nje.

Niliitazama nikiwa na dharau kidogo, nikitarajia uji. Sikuukuta. Mwaka 1995 walionyesha mauaji ya Washita, pale jeshi la Marekani lilipovamia kambi ya Wacheyenne mwaka 1868. Kuna ubaguzi, kuna magonjwa, kuna mwanamke anayekataliwa kazi aliyoisomea. Ni tamthilia ya kutazama na watoto, na bado watu wanakufa humo, tena kwa uchungu. Nalisema hili kwa sababu ndilo meneja wetu wa vipindi hakulielewa, nami sikuwa na maneno ya kumweleza: ya familia si lazima iwe laini. Huzuni iliyozaliwa ndani ya hadithi hukaa. Iliyoagizwa kutoka juu hujulikana, hata na mtoto wa miaka tisa aliyejilaza kwenye mkeka.

Na juu ndiko ilikotoka, ulipofika msimu wa sita, 1997 hadi 1998. CBS walitaka hadithi ziwe na giza zaidi, ili wavute wanaume na watu wenye umri mdogo. Daktari akapoteza mimba. Akapigwa risasi. Shangazi anasema yule bibi alianza kuomba chai katikati ya kipindi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya matangazo. Mei 1998 ikafutwa. Watazamaji waliandika barua kwa wingi, na mojawapo ilikuwa ya bibi huyo, kwa mkono unaotetemeka. Aliyeipeleka posta ni shangazi.

Kwa nini uifute tamthilia yenye watazamaji waaminifu? Kwa sababu vituo vikubwa vya Marekani enzi hizo vilipanga bei ya matangazo kwa kuhesabu hasa watu wa miaka 18 hadi 49. Wapenzi wengi wa Dr. Quinn walikuwa wanawake waliovuka arobaini. Bibi wa shangazi alikuwa akikaa mbele ya runinga kila wiki bila kukosa, ananunua sabuni, ananunua dawa, ananunulia wajukuu viatu, na kwenye hesabu ile alikuwa kama kiti kitupu.

Haikuwa mara ya kwanza. Kituo hichohicho mwaka 1995 kiliitoa tamthilia ya upelelezi Murder, She Wrote, ya mwigizaji Angela Lansbury, kwenye Jumapili iliyokaa zaidi ya miaka kumi, kikaipeleka Alhamisi usiku kugombana na Friends, kichekesho cha vijana cha kituo kingine. Msimu huohuo ukawa wa mwisho. Waandishi wake sehemu ya mwisho kabisa, mwaka 1996, waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama "kuuawa na takwimu za watazamaji". Nilipolisoma hilo nilicheka hadi nikakaa chini, maana nasi tayari tulikuwa tumehamishwa. Kutoka Jumapili saa moja jioni, tukatupwa Jumatano saa nne na nusu usiku. Wenye tamthilia yao walikuwa wamelala. Baada ya wiki tano tukaitwa kikaoni kuambiwa namba zimeshuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa hao vijana: muda wa kurushwa uandikwe kwenye mkataba. Najua mtacheka, kituo kidogo gani kitakubali? Basi iandikwe angalau kwamba ukihamishwa, namba za wiki zile nane za mwanzo hazitatumika kukufuta. Mwombe mwanasheria akusomee kabla hujasaini, hata kama atakula posho yako yote ya wiki. Mimi nilisaini nikiwa kwenye daladala.

Nilichojua baadaye, wakati hakina faida tena, ni hiki. Mdhamini wetu wa mwanzo alikuwa muuza sabuni ya kufulia. Mkataba wake uliisha, na kituo kikawa kinaongea na kampuni ya kubeti. Sasa fikiria: bibi wa vitumbua atamshawishi nani aweke mkeka wa kubeti? Kila ombi nililopokea tangu wiki ya sita, mpenzi mwenye gari, mchepuko, ugomvi baa, lilikuwa linamwita kijana wa kiume wa miaka ishirini na tano aje akae sebuleni kwetu. Hakuna aliyeniambia hivyo wazi, nami sikuuliza.

Ningeuliza, ningekuwa na cha kuwapa. Tulikuwa na mjukuu wa kiume wa miaka kumi na saba ambaye hakuwa na kazi nyingi zaidi ya kumaliza maandazi. Ningempeleka uwanja wa Mkwakwani kufanya majaribio ya mpira, ningemvunja kifundo cha mguu, bibi akamkanda kwa maji ya chumvi akimsimulia habari za marehemu babu yake aliyekuwa golikipa. Vijana wangekuja. Bibi angekuwa hai. Wakikuambia "mtoe bibi", agizo ni kumuua bibi, lakini haja ni kijana. Ihudumie haja. Agizo lijibu kwa ukurasa wa maandishi, siku hiyohiyo, na nakala ubaki nayo.

Mimi badala yake nilimuua. Shinikizo la damu, sehemu ya ishirini na tano, nikatoa machozi ya kweli nikiandika. Simu ya kwanza asubuhi yake ilitoka kwa mama mmoja wa Korogwe: "Mmemuua bibi, na sisi tunazima." Walizima kweli. Kijana wa mkeka naye hakuja. Ana mpira wake wa kutazama.

Ukiona dalili, andika mwisho mapema. Hili nalisisitiza. Michael Landon, mwigizaji na mtayarishaji wa tamthilia ya familia Little House on the Prairie, ilipofika zamu yake kumalizwa na kituo cha NBC, alikuwa na deni la kuirudisha ardhi waliyopigia picha ikiwa kama walivyoikuta. Akaligeuza deni kuwa hadithi: tajiri amewanyang'anya wanakijiji ardhi yao, nao wanaamua kulipua majengo waliyoyajenga kwa mikono yao, wanaondoka wakiimba. Ilionyeshwa Februari 1984, na majengo yalilipuliwa kweli. Unaweza kusema ni ukali. Lakini alifunga mlango wake mwenyewe. Sisi tulikatwa sehemu ya thelathini na moja, mkataba ukisema hamsini na mbili, na mpaka leo lori la baba limeegeshwa Segera, taa zinawaka, hakuna ajuaye kama alifika nyumbani.

Ulizeni pia wahusika ni mali ya nani. CBS waliirudisha Dr. Quinn kwa filamu ya televisheni mwaka 1999, bila Beth Sullivan, mtoto wa daktari akiwa ametekwa nyara. Wapenzi wengi hawakuitaka kabisa. Mwaka 2001 ikaja nyingine, safari hii Sullivan mwenyewe akiwa ndani yake. Mkataba wangu ulisema wahusika wote ni wa kituo, "pamoja na watakaobuniwa baadaye". Hata bibi nikitaka kumfufua kwenye redio, lazima nipige hodi kwao.

Nisiwafanye mkaichukia kila ofisi yenye kiyoyozi. CBS hiyohiyo, iliyokuwa imefagia vipindi vyake vya shamba na kijiji mwaka 1971, mwaka uliofuata iliiweka The Waltons, tamthilia ya familia ya kijijini, siku ya Alhamisi, uso kwa uso na kipindi cha mchekeshaji Flip Wilson aliyekuwa akitamba, na wengi wakaihesabu maiti. Waliiacha ipumue. Mwaka 1973 ikapata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora, na msimu wake wa pili ikawa ya pili kwa watazamaji nchi nzima. Ikaendelea hadi 1981. Kituo ni watu, na watu huhama meza. Aliyenitumia ujumbe ule wa Alhamisi alikuwa akiipenda tamthilia yetu. Alinitumia kwa sababu alitumwa. Ningempigia badala ya kumjibu kwa alama ya dole gumba, huenda angeniambia habari za sabuni na mkeka.

Kwa mnaotazama: mkiandikia kituo, msiandike "msitufutie". Andika una miaka mingapi, mnatazama wangapi nyumbani, na sabuni gani iko bafuni. Barua ya namna hiyo mtu wa masoko huichapisha na kuibeba kikaoni.

Wiki iliyopita nilipita Magomeni. Shangazi alikuwa msimu wa tatu, kwenye harusi ya Michaela na Sully, kwa mara ya sijui ngapi. Akifika mwisho wa msimu wa tano huwa anarudi wa kwanza. Nikamuuliza wa sita uko wapi. Akanionyesha juu ya kabati, karibu na sufuria za shughuli. Bado uko ndani ya nailoni yake.