Wati 8 Zinatosha, Kazi Iko Kwenye Spika

Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, ilikuwa na valvu moja ya aina ya 300B kila upande. Wati 8, tena zikijikamua. Nikaifunga kwenye spika nilizokuwa nazo, ndogo na nzuri, zenye usikivu wa desibeli 87, yaani sauti inayotoka kwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Gitaa na mwimbaji vilitoka vitamu ajabu. Ngoma zilipoingia, kila kitu kikasongamana kama watu mlangoni.

Nilidhani valvu zimechoka. Kumbe ni hesabu tu. Kila desibeli 3 unazotaka kuongeza hudai wati mara mbili, kwa hiyo wati 8 ziliniongezea desibeli 9 basi, na 96 ndiyo ikawa dari. Hapo bado hujakaa mita tatu mbele ya spika, ambako sauti imeshapungua. Na muziki uliorekodiwa vizuri huweza kuruka ghafla desibeli 15 juu ya wastani wake. Spika ya desibeli 96 ingefika pale pale kwa wati 1.

Basi nikanunua spika zilizoandikwa 93, nikaona nimemaliza. Hapo ndipo nilipojifunza somo lenyewe. Namba ile ilipimwa kwa volti 2.83, na spika zilikuwa za omu 4, omu ikiwa kipimo cha upinzani wa umeme. Volti hizo kwenye omu 4 ni wati 2, si 1, hivyo usikivu wa kweli ulikuwa 90. Lakini hilo lilikuwa dogo. Besi ilivimba, na sauti za waimbaji wa kiume zikanywea kifuani.

Amplifaya nyingi za aina hii, hasa zisizo na mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili amplifaya ijisahihishe), zina impidansi yao ya ndani, yaani upinzani wao wenyewe, tuseme omu 2.5. Spika nayo haina omu moja ya kudumu. Hupanda na kushuka kadiri masafa, yaani uzito au wembamba wa sauti, yanavyobadilika. Zangu zilishuka hadi omu 3 sehemu moja na kupanda hadi 20 sehemu nyingine. Ukipiga hesabu, tofauti ya sauti kati ya sehemu hizo mbili inafika desibeli 4 hivi, na hiyo sikio lolote linaisikia. Amplifaya ya transista isingejali.

Siku hizi kabla ya kuuliza desibeli naomba mchoro wa impidansi. Nikiona mstari uliotulia, usioshuka chini ya omu 6, naendelea na mazungumzo. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti nzito na nyembamba kwa vipaza vya spika, ikiwa na vipande vingi hunitia shaka. Kama tayari unazo spika ngumu kuendesha, jaribu kuzifunga kwenye tundu la omu 4 la transfoma ya amplifaya badala ya 8: utapoteza nguvu kidogo, lakini amplifaya itazishika vizuri zaidi.

Nilizo nazo sasa zina wufa (kipaza cha besi) ya inchi 12 na twita (kipaza cha sauti nyembamba) ya honi, mfano wa tarumbeta, desibeli 97. Ni kubwa kama makabati. Hakuna njia ya mkato hapa: besi ya chini, kisanduku kidogo, usikivu mkubwa, utapata viwili kati ya hivyo vitatu. Spika ya Klipschorn, iliyoanza kuuzwa 1946, ilikwepa kidogo kwa kuzifanya kuta za pembe ya chumba ziwe mwendelezo wa honi yake, na bado ni kubwa. Spika za koni moja isiyo na krosova nimezipenda kwa sauti ya binadamu, ila nyingi hupiga kelele juu, na besi yake ni ya kubembeleza. Asiye na nafasi na asogeze kiti. Ukikaa mita moja na nusu, wati chache zinafika mbali.

Jambo moja la kiusalama: usiwashe amplifaya ya valvu ikiwa waya za spika hazijafungwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Ile ya 300B niliinusuru kwa bahati tu, nilipogundua waya mmoja umechomoka kabla sijapandisha sauti.