Mwanangu kakataa kujiunga na programu ya wanafunzi weusi chuoni, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi naishi Georgia, Marekani. Mwanangu wa kwanza kazaliwa hukuhuku, kakulia hukuhuku, yeye ukimuuliza ni Mmarekani mweusi basi. Yuko mwaka wa kwanza chuo cha jimbo, semista iliyopita alipata D ya hesabu, mara akaletewa barua ya kumkaribisha kwenye programu ya kusaidia wanafunzi wa kiume weusi mpaka wahitimu. Kakataa katakata, eti hiyo ni ya walioshindwa, yeye atakomaa mwenyewe. Baba yake anamuunga mkono, anasema mwanaume hashikwi mkono. Mimi roho inaniuma maana naona anajifungia tu chumbani na simu zangu hapokei. Nimuache au nimlazimishe?
Mama wa Georgia

JIBU: Pole sana mama, na usimuache. Ila kumlazimisha nako hakufai, mtoto wa chuo ukimburuza mpaka ofisini ataandika jina alafu harudi tena. Nenda naye kwa hoja. Yeye anaamini msaada ni wa vilaza, na hapo ndo kapotea, ngoja nikupe kisa umpelekee.

Miaka ya 70 pale chuo cha Berkeley, California, mwalimu wa hesabu anaitwa Uri Treisman alikuwa anajiuliza kwanini wanafunzi weusi wengi wanaanguka kalkulasi wakati sekondari walikuwa vinara. Watu wakawa wanasema ni kukosa juhudi, wengine umaskini, wengine wazazi hawajali. Yeye akaamua kuwafuatilia aone wanasomaje hasa, wanafunzi weusi na wenzao wenye asili ya Kichina, akakuta zile sababu zote hazina mashiko. Wale weusi walikuwa wanajituma kweli, homuweki wanafanya, ila kila mtu kivyake chumbani. Wale Wachina kila mmoja akishafanya ya kwake wanakutana, wanalinganisha majibu, wanabishana, wanasahihishana, swali likiwa gumu kila mtu anajua limewashinda wote kwahiyo hakuna anayejiona mjinga. Mweusi akikwama anakwama na kitabu chake, anadhani ni yeye tu. Basi Treisman akaanzisha vikundi, na hapa sikiliza vizuri mama, hakuwapa maswali mepesi ya kuwabembeleza, aliwapa magumu kuliko ya darasani wayapige pamoja, na maksi zikapanda mpaka vyuo vingine vikaja kuiga.

Umesema mwanao anajifungia chumbani. Ndo hichohicho.

Kama bado anabisha mwambie habari za Meyerhoff, programu ya chuo cha UMBC kule Maryland, ilianzishwa 1988 na kundi la kwanza lilikuwa vijana wa kiume weusi 19, wote wa sayansi na hesabu, tena wale waliotoka sekondari na maksi za juu. Aliyeianzisha na tajiri Robert Meyerhoff ni Freeman Hrabowski, ambaye akiwa na miaka 12 alitiwa ndani Birmingham, Alabama, kwenye yale maandamano ya watoto ya kupinga ubaguzi ya 1963, baadae akaja kuwa rais wa chuo hicho kwa miaka 30. Vijana wanaitwa kiangazi kabla masomo hayajaanza, wanakaa pamoja, wanasoma kwa vikundi, na mtu akipata C kwenye somo la msingi la sayansi anashauriwa alirudie japo kafaulu. Wengi wametoka hapo wakaenda kuchukua udaktari na PhD. Sasa muulize kwa upole, hao nao ni walioshindwa?

Baba yake naye ongea nae pembeni, sio mbele ya kijana. Kwa wanafunzi walioanza vyuo vya miaka 4 Marekani mwaka 2010, wanaume weusi waliohitimu palepale walipoanzia ndani ya miaka 6 walikuwa kama asilimia 34, wanawake weusi 44, wazungu kwa ujumla 64. Ina maana katika kila vijana weusi watatu wawili hawakumaliza pale, na siamini hata kidogo kwamba wote hao hawakukomaa. Huko kwenu Georgia mfumo wa vyuo vya umma ulianzisha mpango wake kwa ajili ya wanaume weusi tangu 2002, baada ya kuona madarasani wanawake weusi wamewazidi kwa mbali. Ndani yake hakuna muujiza wowote, kijana anapata mwanafunzi aliyemtangulia wa kumuelekeza, anapata mtu mzima anayemfahamu kwa jina na anayemuuliza GPA yako imesimamaje, anapata wenzie wa kusoma nao.

Alafu kuna mambo ya karatasi ambayo mtoto peke yake hawezi kuyajua, na wengi wanaangukia hapo. Mfano krediti, yaani zile pointi ambazo kila somo linahesabiwa nazo. Akichukua 12 kwa semista anahesabiwa mwanafunzi wa muda wote, kila mtu anafurahi, kumbe digrii inataka kama 120, piga hesabu semista 8 mara 12 ni 96, miaka 4 inaisha bado anadaiwa krediti 24 na msaada wa Pell wa serikali unakoma kwenye semista 12. Pia akidondosha dondosha masomo chuo kinamuona hasongi mbele, msaada unakatwa, na hapo watu wanadisko bila hata kufeli. Mtu wa programu anamshtua kabla.

Muombe kitu kimoja tu, aende mara moja akae kwenye kikundi cha hesabu, hata fomu asijaze. Na hiyo D akaiongelee na mshauri wa masomo wiki hiihii.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Texas, chuoni kwetu ofisi iliyokuwa inasaidia wanafunzi weusi imefungwa. Kuna mzungu darasani anasema ni sawa tu maana ulikuwa ubaguzi. Je ni kweli? Na sasa twende wapi?
Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenu Texas ni sheria ya jimbo iitwayo SB 17, ilianza kazi Januari 2024, inakataza vyuo vya umma kuwa na ofisi za namna hiyo. Watu wanaichanganya na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2023 iliyohusu Harvard, ile ilikuwa mambo ya kudahili, nani aingie chuo. Wewe umeshaingia, swali ni utokeje na cheti.

Kuhusu ubaguzi, mueleze huyo mwenzio kwamba nyingi ya programu hizi hazimfukuzi mtu. Ile ya CUNY, vyuo vya umma vya jiji la New York, iliyoanza 2005 kwa ajili ya wanaume weusi, iko wazi kwa mwanafunzi yeyote wa rangi yoyote, hata wa kike. Meyerhoff ilipokea wanawake 1990 na 1996 ikafungua mlango kwa wote. Mimi naona kumkuta mtu pale anapozama na kumvuta sio kumnyima mwingine chochote, na kufunga ofisi kama hiyo bila kuweka kitu mbadala ni kuwaumiza vijana, nalisema wazi.

Pa kwenda: ulizia TRIO, ile huduma yao ya Student Support Services. Ni hela ya serikali kuu, ipo tangu 1968, na haiangalii rangi kabisa, inaangalia kama wazazi wako hawana digrii, au kipato cha nyumbani ni kidogo, au una ulemavu. Kuna tyuta, ushauri, na vyuo vingine vinatoa na hela kidogo. Ila kama uko kwa viza ya masomo hutapokelewa, lazima uwe raia, mkazi wa kudumu, au mtu mwingine anayestahili msaada wa masomo wa serikali kuu. Wakikukatalia, tafuteni wenzio wanne watano wa kozi moja mkae maktaba siku maalum, Treisman alianza na hicho hicho.

SWALI: Dada mdogo wangu kabakiza semista moja amalize, chuo kimemzuia kujisajili kwa deni dogo tu la ada. Anataka kuacha aende kazini kwanza. Nimwambieje?

JIBU: Mwambie asiache kabla hajauliza hela za dharura. Chuo cha Georgia State, Atlanta, kiligundua kinafukuza watu waliokaribia kumaliza kwa madeni ambayo mara nyingi hayafiki hata dola 1,000, kikaanza 2011 kuwalipia wenyewe kupitia fungu linaitwa Panther Retention Grants, na vyuo vingi vimefuata. Aende ofisi ya misaada ya fedha, aulize fungu la namna hiyo, abebe karatasi ya deni na rekodi ya masomo inayoonyesha kabakiza krediti ngapi. Na awahi kabla ya tarehe ya kufuta usajili, maana nafasi yake darasani ikishachukuliwa na mtu mwingine hata hela ikipatikana itabidi asubiri semista ingine.