Waache wapige wawili

Dada, umeuliza kama mabinti zako watenganishwe, kila mmoja ajifunze piano kivyake. Usiwatenganishe. Tazama ndugu wawili wapiga piano, Katia na Marielle Labèque wa Ufaransa: mmoja alizaliwa 1950, mwingine 1952, na mama yao ndiye aliyewaanzisha. Walimaliza chuo cha muziki cha Paris mwaka 1968, wakaamua kupiga pamoja. Kilichowatoa hasa ni kurekodi Rhapsody in Blue ya mtunzi Mmarekani Gershwin, santuri iliyouza kweli kweli. Na hawakuchoka: mwaka 2015, huko Los Angeles, walipiga kwa mara ya kwanza konseto (muziki wa piano na okestra) ya piano mbili ya mtunzi Philip Glass, aliyowaandikia wao.

Piano mbili hapa Dar utaziweka wapi, na unyevu huu unaovuruga sauti kila mara? Mikono minne kwenye piano moja inatosha kabisa. Ila ujue, anayekaa kushoto, upande wa besi (sauti nzito), ndiye kwa kawaida hukanyaga pedali inayorefusha sauti za wote wawili, kwa hiyo lazima asikilize sauti ya mwenzake kuliko yake. Ugomvi wa viwiko utakuwepo tu. Wabadilishane viti kila wimbo mpya, asije mmoja akawa wa besi maisha.