Mwanangu, ukiwa hewani usiulize kamba ilikosewa wapi

Assalaam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote, na kwanza Alhamdulillahi uko mzima, unatembea, na unaniuliza maswali. Umeniuliza mambo mawili, kama ni wewe uliyeharibu wakati wa kukunja parachuti, na kama uendelee kukunja mwenyewe ama uwe unawalipa watu wakukunjie. Ntayajibu yote mawili, lakini kuna kitu umekisema katikati haraka haraka ambacho ndo kimenikosesha usingizi, wacha nianze na hicho.

Ulisema ulivuta futi 4,500, parachuti ikafunguka na kamba imepita juu ya kitambaa imekibana katikati kama tai ya kipepeo, ukaanza kuzungushwa kushoto, alafu ukawa unajiuliza ni wapi umeacha kamba ikatoka, unajiuliza na unazunguka, mpaka ukaangalia altimita ukakuta uko kama 2,000 ndo ukakata, yaani ukaiachia hio kubwa iende ukafungua ya akiba. Hapo mwanangu hapana. Kanuni za USPA, kile chama cha waruka parachuti cha Marekani, ulizofundishwa zinasema mwenye leseni ya A, ile ya mwanzo, akifika 2,500 awe ashaamua, na we ulikuwa na nafasi yote hiyo juu yake, umeimaliza na swali ambalo jibu lake liko chini. Kule juu maswali ni machache tu: ipo? imetanuka yote? slaida, kile kitambaa kidogo kinachoteremka kwenye kamba, imeshuka? inanyooka na inageuka nikiiambia? Kama kamba imepita juu, vuta breki zote mbili, zile kamba za kuongozea, hadi chini uachie, jaribu tena kama urefu unaruhusu, ikikataa basi hio si parachuti tena. Nani alikunja, alikunja vipi, hayo hewani hayana kazi.

Na usijidanganye kwamba kile kidude kinachofungua chenyewe parachuti ya akiba kingekuokoa. Hicho kidude chako, CYPRES ya kawaida, kinafyatua ikiona uko karibu futi 750 na bado unashuka kama mita 35 kwa sekunde, sasa wewe ukiwa chini ya kitambaa kilichobanwa unaweza kuwa unashuka kasi ya kuvunja mifupa yote lakini haijafika hio kasi, kwa hivyo kitakaa kimya tu mpaka unagonga ardhi. Kile kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyezimia ama aliyepotelewa na urefu. Kukata ni kazi ya mkono wako.

Mkono wenyewe ulifanya vizuri, hilo nakupa haki yako. Uliangalia kishikio cha kulia cha kukatia, ukakishika, ukaangalia cha kushoto cha akiba, ukavuta kulia mpaka mwisho, ukavuta kushoto. Na hukungoja ile kamba ya RSL, inayovutwa na parachuti kubwa ikiondoka, ikufungulie akiba, ulivuta mwenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Wale wa zamani, ili kuikata kubwa, walikuwa na vyuma vya Capewell, kimoja kila bega, ukifungua kimoja na kingine kikagoma unaning'inia upande. Bill Booth alipoleta zile pete tatu miaka ya 1970 ndo kishikio kimoja kikaanza kuachia mabega yote mawili pamoja, na mi kila nikizikagua pete hizo huwa namshukuru yule mzee moyoni.

Sasa kukunja. Je ni wewe? Inawezekana sana, lakini sitasema ndio mpaka nione, maana kamba kupita juu hutokea hata kwa parachuti iliyokunjwa vizuri. Mi ningeanza na breki. Kama upande mmoja hukuufunga sawasawa ile kamba ya breki inakuwa legevu wakati kitambaa kinafunguka, na kamba legevu inaenda inakotaka. Alafu pale unapoibeba begani, kamba zote zinafaa kukaa katikati na kitambaa kitoke nje pande zote, slaida iwe juu kabisa imegusa vizuizi vyake. Watu wengi wanaipanga vizuri hapo, wanaharibu wakati wa kuilaza chini na kuizungushia mkia, kamba moja ya nje inateleza inazunguka mbele na hawaioni tena, wanakalia kitambaa kutoa hewa wanasukuma begini. Nimekunja miaka mingi huku Ghuba na nakwambia hio dakika ya kulaza ndo ya kwenda polepole, hata kama ndege imewasha injini na rafiki zako wanakuita. Ndege itarudi.

Umesema ile kubwa iliokotwa vichakani. Tafadhali usiikung'ute wala usiifumue! Ipelekeni kwa riga, yule fundi wa parachuti, vile vile, muipige picha kuanzia kwenye raiza, ile mikanda ya begani, kupanda juu, muangalie kama breki zote mbili zina alama ya kufungwa, kama kamba za breki zimejisokota, kama kuna pahali kamba imeunguza kitambaa kwa kusuguana, hio alama ya kuungua huwa inakwambia kamba gani ilipita wapi. Kama ushaifumua basi, ila nitumie picha za ulichonacho.

Kuhusu kulipa mtu akukunjie, sitaki. Mi ni mmoja wa hao watu na tunalipwa kwa parachuti, siku ya watalii wengi mtu anakimbiza idadi, na wewe ukishazoea kupewa begi tayari utasahau hata kuangalia. Kunja mwenyewe riga akiwa pembeni, akusimamishe kila hatua. Na lile dirisha dogo la parachuti ndogo inayovuta ile kubwa itoke begini, uone rangi kabla hujafunga. Usipoivuta ile kamba yake ya ndani ili itanuke, hio ndogo itaning'inia nyuma yako haina nguvu, hata begi haitoki, na hapo unaanguka kwa kasi kamili, kutoka futi 3,000 unabaki na kama sekunde 17 tu. Mimi naogopa hio kuliko hii iliyokupata.

Akiba usiiguse, hio ni ya riga mwenye leseni, na mwambie aikunje upya na aiandike kwenye kadi yake kabla hujapanda ndege tena. Kabla ya hapo uvae gia utundikwe pale chini, ufanye zoezi la kukata mtu akikuhesabia urefu kwa sauti, akisema 2,500 mikono iwe ishaanza kazi.

Mamako sijamwambia, mpigie wewe mwenyewe leo. Mimi nipigie baada ya isha, ntakuwa nimetoka kazini, tuangalie hizo picha pamoja.

Babako