Gari la Mtumba Nalo Hutengenezwa Bure: Nilivyobadilishiwa Mfuko wa Hewa Bila Kulipa Hata Ndururu

Tangu niweke picha ya Toyota Fielder yangu ikiwa juu ya jeki katika karakana ya wakala, ikibadilishiwa sehemu ya mfuko wa hewa bure, simu haijatulia. Wengi wananipongeza, wachache wanadhani nimejuana na mkubwa fulani. Lakini kuna msomaji wa Kitengela aliyeniandikia hivi: "Dada, hayo ni ya watu walionunua gari jipya. Sisi wa mtumba tutaenda kutafuta nini huko?"

Kaka, nimekujibu faraghani, ila nakujibu tena hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Nusu ya mnaonisoma mnaendesha magari yaliyoshuka Mombasa yakiwa na miaka saba au minane, kwa kuwa ndiyo mwisho unaoruhusiwa nchini. Mlijinyima, mkachukua mkopo wa sacco, mkanunua. Halafu mnatembea mkidhani kiwanda hakiwajui.

Kinalijua gari lako. Wewe ndiwe kisichokujua, na hilo halina neno. Kampuni ikishakiri kwamba sehemu fulani ilitoka kiwandani na kasoro, na ikayaita magari hayo yarekebishwe bure (huo ndio mwito), dai hilo hukaa kwenye gari lenyewe. Liuzwe mara tatu, livuke bahari, lipewe namba ya Kenya, kasoro bado ni ya aliyelitengeneza. Hakuna anayepaswa kukuuliza kama ulilinunua kwenye yadi ya Ngong Road au kwa shemeji yako.

Fielder yangu ni ya 2009. Ndiyo inayobeba mayai yangu kutoka Kikuyu hadi maduka ya South B na Imara Daima, kwa hivyo msinione naringa nikiisifu. Yaliyonipeleka huko yalianza na taa. Ile taa nyekundu ya SRS, yaani ya mifuko ya hewa, kwenye dashibodi, yenye kamchoro ka mtu na mpira mbele yake, iliwaka ikakataa kuzima. Nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari kule Kariobangi Light Industries, kijana ninayemwamini kwa mengine yote. Akaichunguza, akajifuta mikono, akaniambia: "Mama, hizi eabegi za zamani ni za kukusumbua tu. Wacha niweke kirezista hapa kudanganya mfumo, taa izime, uende zako kazini."

Taa izime! Kasoro ibaki, taa izime. Nilimlipa ya kuangalia nikaondoka.

Usiku huo ndipo nilipoanza kusoma habari za Takata. Kama hukuzifuatilia, kwa ufupi ni hivi. Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyowauzia watengenezaji wengi wa magari mifuko ya hewa: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, hadi BMW na Ford. Ndani ya mfuko kuna kipulizio, kopo la chuma lenye kemikali inayolipuka kwa kipimo ili mfuko ujae papo hapo gari linapogonga. Takata walitumia nitrati ya amonia. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi penye joto na unyevu, huharibika. Siku inapoitwa kazini hulipuka kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinawarukia waliokaa mbele. Watu wamekufa Marekani, Malaysia na kwingineko katika ajali ambazo wangetoka nazo na michubuko tu. Honda ilianza kuyaita magari yake mwaka wa 2008, na kufikia 2017 Takata ilikuwa imefilisika. Duniani kote, vipulizio vilivyoitwa vinakadiriwa kufika milioni 100. Haijawahi kutokea katika historia ya magari.

Sasa angalia neno "joto na unyevu" halafu fikiria gari lililokaa Mombasa. Tena fikiria kwamba hatari inakua kadiri gari linavyozeeka, na sisi ndio tunaoyapokea yakiwa yamezeeka.

Toyota Japani wana ukurasa mtandaoni ambapo unaingiza namba ya chesisi na kuonyeshwa kama gari lako limeitwa na kama lilirekebishwa. Honda wanao, Nissan wanao, na wengine pia. Uko kwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kuutafsiri. Namba ya chesisi iko kwenye logibuku, na iko kwenye bamba ndani ya boneti. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ya Marekani. Yanatumia aina ya gari, kistari, halafu tarakimu. Yangu inaanza na NZE141. Ukiingiza yako kwenye tovuti ya Marekani haitakubali, nawe utadhani gari lako liko salama. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Niliingiza. Jibu likaja: kipulizio cha upande wa abiria, bado hakijabadilishwa. Upande ambao binti yangu hukaa akienda shule.

Ungedhani nikishakuwa na hilo mkononi mambo yangekuwa rahisi. Nilienda kwa wakala mmoja, sitamtaja jina, mwenye mapokezi ya vioo na mashine ya kahawa. Nilikuwa nimetoka kushusha mayai, nimevaa gambuti, na gari nyuma limejaa trei. Kijana wa mapokezi hata hakunitazama usoni, alilitazama gari kupitia kioo. "Madam, hiyo si yetu. Hiyo ni ya mtumba, hatukukuuzia sisi." Nikamwonyesha simu. Akasema hasomi Kijapani. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mwenye dabo-kebini mpya akiitwa bosi na kuulizwa kama anaweka sukari.

Sikulia pale. Nililia kwenye foleni ya Mombasa Road, na si kwa sababu ya kipulizio.

Niseme jambo moja kuhusu hii dharau ya mtumba. Nchi hii inaendeshwa na mitumba. Anayekudharau kwa gari lako amepanda matatu asubuhi, na huenda hiyo matatu haikununuliwa mpya pia. Wewe ukikubali kwamba gari lako ni la daraja la pili, utakubali na usalama wa daraja la pili, na mtoto wako atakaa mbele ya kopo la chuma bovu kwa sababu uliona haya kuuliza swali mara ya pili. Usione haya. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Haijasema "isipokuwa aliyevaa gambuti."

Nilichofanya baadaye ndicho nataka mkishike, maana ndicho kilichofanya kazi: niliandika. Niliwatumia wakala barua pepe, si ujumbe wa simu, nikaambatisha picha ya bamba la chesisi, nakala ya logibuku, na picha ya ule ukurasa wa Toyota Japani ukiwa na namba ya mwito huo. Nikanakili kwa huduma kwa wateja wa kampuni mama. Mwishoni nikaweka sentensi moja ya heshima: kama hamtanihudumia, naomba mnijibu kwa maandishi mkieleza sababu. Kukataa kwa mdomo ni rahisi. Kukataa kwa maandishi kunahitaji mtu atie jina lake. Nilikuwa nimejiandaa kwenda hadi Mamlaka ya Ushindani, ambayo ndiyo hupokea malalamiko ya watumiaji, lakini sikufika huko. Alinipigia mama mmoja mpole, akanisalimia kwa jina langu, akaomba nilete gari walithibitishe, halafu wakaagiza kipulizio. Kule kungoja sina la kusimulia. Binti yangu alikaa kiti cha nyuma, akanung'unika, akazoea.

Siku yenyewe nilikataa kukaa kwenye viti vya wageni. Nikaomba nisimame mlangoni mwa karakana, wakaniruhusu. Fundi alianza kwa kutoa waya wa betri, halafu akasimama tu, mikono nyuma. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema umeme hubaki kidogo kwenye mfumo, na mfuko wa hewa ukifyatuka ukiwa umeuinamia utakuvunja shingo. Baadaye ndipo akafungua kisanduku cha mbele ya abiria, skrubu moja moja, akizipanga kwenye kitambaa. Ilidondoka sarafu ya yeni 5, ile yenye tundu katikati, ya mtu ambaye sitamjua. Kipulizio cha zamani kilipotoka kilikuwa kichuma kidogo, kisafi kabisa, hakina kutu, hakina ufa. Nilinyoosha mkono. "Hapana, mama. Hicho kinarudi kilikotoka." Akakifunga kwenye sanduku lake. Ningekiona sokoni ningekinunua, maana kilikuwa kinang'aa kuliko kipya.

Na hapo ndipo mjihadhari. Kirinyaga Road kuna mifuko ya hewa iliyotolewa kwenye magari ya mtumba, na mtu akishagonga, wengine huko ndiko hununua. Gari la namna hiyo ukiliangalia kwa namba ya chesisi, ukurasa utakuambia lilivyotoka kiwandani, hautajua kilichowekwa baadaye. Kama gari lako liliwahi kugonga mbele kabla hujalinunua, mwambie wakala akague kilichomo, asiishie kwenye kompyuta.

Kagua na taa pia. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya SRS inapaswa kuwaka sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeing'oa balbu ili gari liuzike.

Wajapani wenyewe walichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu Mei 2018, gari lenye vipulizio hatari vya Takata ambavyo havijabadilishwa haliruhusiwi kupita ukaguzi wao. Ndiyo maana mengi yanayokuja sasa yamesharekebishwa huko huko. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo karibu na pale mlango unapofungia: stika ndogo yenye namba ni alama kwamba mwito fulani ulitekelezwa. Usiishie kwenye stika lakini, ingiza na namba ya chesisi.

Tena si mifuko ya hewa peke yake. Mdogo wangu ana Vitz ya zamani iliyokuwa inanuka plastiki iliyoungua kila akifungua dirisha. Alinunua swichi Kirinyaga Road, akalipia na fundi. Mwaka wa 2012 Toyota iliyaita magari zaidi ya milioni 7 duniani, Vitz ikiwemo, kwa sababu ya swichi kuu ya madirisha kwenye mlango wa dereva: grisi haikupakwa sawasawa, ikashika, ikaweza kupata moto. Nilipomwambia aliniangalia kama nimemwibia. Mimi ningeanza kwa kuingiza namba ya chesisi, lakini mimi sikuwa nimeulizwa.

Wakati unafika karakana, soma kila unachotia sahihi. Bure ni kile kipulizio tu na kazi ya kukibadilisha. Mimi waliniletea orodha ya mengine: bushi, shokabu, breki za nyuma, kila kimoja na bei yake ya kutisha. Huenda ni kweli zimechoka, lakini nilizipeleka Kariobangi kwa yule yule kijana wangu, maana kwa bushi sina shaka naye. Na dai karatasi inayosema kazi ya mwito imefanyika, yenye tarehe na namba ya chesisi. Ukiuza gari kesho, karatasi hiyo ni pesa.

Msiahirishe. Nchini Marekani haki ya kisheria ya kutengenezewa bure ina mwisho, miaka 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza, na kampuni zingine zinaweza kukufungia mlango kwa sababu ya umri. Gari lako halipungui umri ukiwa unafikiria.

Kaka wa Kitengela, wewe ulisema yako ni Honda Fit. Basi ukurasa wako ni wa Honda Japani, si wa Toyota. Wakikuambia kipulizio hakipo, waombe waandike hivyo, na uwaulize kama wanaweza kuuzima mfuko wa upande wa abiria kwa muda hadi kifike. Mpaka hapo, kiti cha mbele kibaki tupu, hata mama mkwe akija kutoka Machakos.